Simu Yako Yamuuliza Nani Njia?



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu mnaolipokea jarida hili kila wiki na kulisoma pamoja na watoto, leo twaomba ruhusa tuzungumze jambo ambalo kwa jina lake laonekana kuwa la mafundi, lakini kwa hakika yake ni la nyumbani. Ni mpangilio mmoja mdogo uliomo ndani ya kila simu na kila kompyuta, ambao wengi wetu hatujapata kuuona, wala hatukuuchagua, ilhali kila siku ndio unaoamua simu zetu zitamuuliza nani njia.

Mwaka jana madrasa yetu ilipata kompyuta. Haikuwa mpya, ilikuwa imetumika katika ofisi ya mfanyabiashara mmoja, naye akaona ni kheri aitoe sadaka kuliko kuiacha ikila vumbi. Tuliiweka katika chumba kidogo kilicho ubavuni mwa darasa la watoto wadogo, tukaiunga na waifai, na alama ya mtandao ikajitokeza vizuri pembeni mwa kioo. Lakini kila ukurasa tuliojaribu kuufungua ulikataa. Siku tatu tulihangaika nayo. Tukamwita fundi, akaitazama kwa muda, akatuambia kwamba kadi ya mtandao imeungua, na kwamba kwa umri wa mashine ile ni bora tununue nyingine. Akaondoka na ujira wake, nasi tukabaki kuhesabu fedha za mchango. Fedha zile zilikuwa za kina mama wa darsa la Jumatano, na wengine wao ni wauza mahamri na viazi vya karai. Twajua kila shilingi ilipatikanaje.

Kabla ya kuzitoa, alikuja kututembelea kijana aliyewahi kusoma kwetu, ambaye sasa yuko katika chuo cha ufundi. Akaketi, akafungua dirisha jeusi la maandishi, akaandika namba fulani. Mashine ikapata jawabu. Kisha akaandika jina la tovuti, kimya. Akatabasamu, akasema, “Maalim, njia ipo. Anayeulizwa njia ndiye hayupo.”

Ikadhihirika kwamba zamani, katika ile ofisi, mtu aliandika kwa mkono namba ya kifaa cha ofisi hiyo, kwamba ndicho kitakachoulizwa majina. Kompyuta ikahama, kifaa hakikuhama nayo, na ikawa kila siku mashine yabisha hodi kwa mtu aliyebaki mtaa mwingine. Kijana akafuta namba ile, akairudisha mashine kwenye mpangilio wake wa awali. Kahawa tuliyomtilia haijapoa, kurasa zikafunguka.

Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akauliza, “Maalim, na hii simu ya mwanangu mkubwa, yamuuliza nani?”

Siku ile hatukuwa na jawabu. Makala haya ni jawabu tulilolitafuta.

Majina na namba

Mgeni anapoingia Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, akiitafuta nyumba ya fulani, namba ya nyumba haimfai kitu. Yeye hulijua jina tu. Basi huenda barazani, akawasalimu waliokaa, akauliza, “Kwa Bwana fulani ni wapi?” Nao humwelekeza: pita uchochoro huu, ukifika msikitini pinda kulia.

Intaneti nayo ni hivyo hivyo. Mashine zote zilizomo ndani yake zajuana kwa namba; majina tunayoyaandika sisi ni kwa ajili ya wanadamu, kwa kuwa sisi twakumbuka majina kuliko namba. Kwa hiyo kila unapoandika jina la tovuti, au unapofungua programu yoyote ya mtandaoni, simu yako kwanza huenda “barazani” kuuliza: jina hili namba yake ni ipi? Huyo anayeulizwa ndiye mafundi humwita seva ya DNS. Sisi katika makala haya tutamwita mwelekezi.

Hapo mwanzo hapakuwa na waelekezi. Mtandao ulikuwa mdogo, na majina yote ya mashine yaliandikwa katika faili moja lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, Marekani, chini ya uangalizi wa bibi aitwaye Elizabeth Feinler na wenzake. Kila mwenye mashine alichukua nakala ya faili hilo. Mashine zilipozidi, daftari moja halikutosha tena. Ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu wa kuligawa daftari hilo duniani kote, kila sehemu ikatunzwa na mwenyewe. Utaratibu huo ndio tunaoutumia hata leo.

Basi mwelekezi akiulizwa jina asilolijua, naye huuliza. Huanza juu kabisa, kwa seva za mzizi, ambazo zina majina kumi na matatu, kuanzia herufi A hadi M. Kila jina ni la mashine nyingi zilizotawanywa duniani, na baadhi ya nakala hizo zimo hata Nairobi. Mzizi haujui nyumba yenyewe, hujua mtaa. Kama jina laishia kwa .ke, humwambia mwelekezi aende kwa watunzaji wa majina ya Kenya, yaani KENIC. Nao humwelekeza kwa mwenye jina hilo hasa, na huyo ndiye hutoa namba. Safari yote hiyo huchukua muda ulio chini ya kupepesa jicho. Kisha mwelekezi huliweka jawabu akiba kwa muda uliowekwa na mwenye jina, ili akiulizwa tena asirudie safari.

Nani alichagua?

Hapa ndipo lilipo swali la yule mama. Simu haiwezi kumuuliza mwelekezi kwa jina, maana haijui bado kutafsiri majina. Hapana budi iwe na namba yake tangu mwanzo. Namba hiyo hutoka wapi?

Katika simu na kompyuta nyingi mpangilio wa awali, ambao simu zenyewe huuita chaguomsingi, ni huu: “Muulize yeyote atakayetajwa na mwenye nyumba.” Yaani simu inapojiunga na waifai, kile kifaa cha waifai, au ruta, huipa anwani na wakati huo huo huitajia mwelekezi. Mara nyingi ruta hujitaja yenyewe, kisha hupeleka maswali kwa mwelekezi wa kampuni inayokuuzia intaneti. Ukitumia bando la simu, kampuni ya simu ndiyo inayomtaja. Kwa hiyo simu moja yaweza kuwauliza waelekezi watatu kwa siku moja: wa nyumbani asubuhi, wa bando njiani, na wa mkahawa jioni, na mwenye simu asijue.

Zaidi ya hayo, lile daftari la zamani halikufa. Windows, Linux na mifumo mingine bado ina faili dogo la majina ndani yake, nalo kwa kawaida huangaliwa kabla ya mwelekezi kuulizwa. Aliyeandika jina humo ameshinda waelekezi wote katika mashine hiyo.

Na wakati mwingine mpangilio wa awali hubeba maamuzi ya watu wa mbali kabisa. Mifumo mingi ya Linux hutumia programu iitwayo systemd-resolved. Waandishi wake wameitia orodha ya waelekezi wa dharura, miongoni mwao wa kampuni za Google na Cloudflare, ili waulizwe pale tu ambapo hakuna mwelekezi mwingine aliyetajwa. Baadhi ya wanaousambaza mfumo huiacha orodha hiyo, na wengine huiondoa. Hoja ya kwanza ni kwamba mtumiaji asikose mtandao; hoja ya pili ni kwamba asipelekwe kwa mtu ambaye hakumridhia. Zote mbili ni hoja za watu wenye akili. La kuzingatia ni kwamba aliyenunua kompyuta hakuulizwa.

Mambo matatu aliyonayo mwelekezi

Turudi barazani. Mtu anayeulizwa njia ana mambo matatu mkononi mwake.

La kwanza ni kujua. Yule uliyemuuliza hawezi kuingia nyumba uliyoiendea wala kusikia mliyozungumza, lakini ajua umekwenda kwa nani na saa ngapi. Mwelekezi vivyo hivyo haoni barua zako wala picha zako, ila aona majina ya kila unakokwenda. Mama aliyetafuta usiku habari za ugonjwa wa matiti, kijana aliyetafuta kazi ng'ambo, mume aliyetafuta mkopo: yote hayo humpitia. Hii ni siri ya nyumba, na siri ya nyumba ni amana. Tena kwa miaka mingi maswali haya yalipita wazi bila kufunikwa, hata aliye njiani akaweza kuyasoma. Njia ya kuyafunika ilikubaliwa kimataifa mwaka 2016, na nyingine mwaka 2018. Mwaka huo huo wa 2018 Android ya 9 ilikuja na kipengele cha DNS ya faragha. Mpangilio wake wa awali ni kwamba simu hujaribu kufunika maswali iwapo mwelekezi wa mtandao ule aweza kuyapokea hivyo. Asipoweza, huyapeleka wazi kama zamani.

La pili ni kupoteza. Mwelekezi akiwa si mwaminifu, atakuonyesha nyumba siyo. Kuanzia mwaka 2007 kikundi cha wahalifu, wengi wao raia wa Estonia, kilisambaza programu ovu iliyokuja kuitwa DNSChanger. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuubadilisha mpangilio huu tunaouzungumza, ili mashine iwaulize waelekezi wao. Pale ilipoweza, ilibadilisha hata ruta za majumbani zilizokuwa bado na nywila ya kiwandani. Watu waliandika majina sahihi, wakapelekwa kwa matangazo ya wezi. Hadi wahusika walipokamatwa mwezi Novemba 2011, mashine zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 zilikuwa zimeambukizwa. Na ajabu ni kwamba polisi wa Marekani hawakuweza kuwazima waelekezi wale papo hapo, kwa sababu mamilioni ya watu wangebaki bila mtandao kama ilivyobaki kompyuta yetu. Iliwabidi mahakama iagize wawekwe waelekezi waaminifu mahali pao, wakahudumu hadi tarehe 9 Julai 2012.

La tatu ni kukataa. Mwelekezi aweza kusema, “Nyumba hiyo siijui,” hata kama aijua. Uwezo huu waweza kutumiwa kwa dhuluma, kuwanyima watu habari. Na waweza kutumiwa kwa stara, na hapa ndipo wazazi wanapofaidika.

Kuchagua mwelekezi wa nyumba

Wako waelekezi wa bure waliowekwa mahsusi kwa familia. Hao hukataa kutaja anwani za tovuti zinazojulikana kuwa za uchafu na za programu ovu. Mmoja ni wa Cloudflare, ulioanza Aprili 2020, namba zake 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Wako pia wa CleanBrowsing na wa AdGuard. Hatuwasifu kwa ajili ya biashara zao. Twawataja kwa kuwa ndio tuliowaona.

Kwenye simu ya Android, fungua Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao au miunganisho, utafute DNS ya faragha. Utakuta mambo matatu: kuzima, kiotomatiki, au kuandika jina la mwelekezi. Ukichagua la tatu uandike family.cloudflare-dns.com, simu hiyo itamuuliza huyo popote iendapo, iwe kwenye waifai au kwenye bando. Andika kwa uangalifu, maana ukikosea herufi moja simu haitarudi kumuuliza mwingine. Itakaa bila mtandao kama mashine yetu ya madrasa. Kwenye iPhone, DNS hubadilishwa katika maelezo ya kila waifai peke yake, na mabadiliko hayo hayahusu bando. Kwenye Windows imo katika mipangilio ya mtandao. Na ukiiandika kwenye ruta, itawafikia wote waliojiunga na ruta hiyo, ila aliyejiwekea mwelekezi wake mwenyewe.

Jihadharini na kosa moja ambalo wengi hulifanya. Mashine huomba namba mbili, ya kwanza na ya pili. Mtu huandika mwelekezi wa familia mwanzo, na wa pili akaandika yeyote, ati kwa dharura. Mashine haikuahidi kumuuliza wa kwanza daima. Yaweza kumuuliza wa pili wakati wowote, na ulinzi wote ukawa bure. Namba zote mbili ziwe za mwelekezi mmoja.

Na wakati mko kwenye ruta, badilisheni nywila yake ya kiwandani leo hii. Ndio mlango walioupitia wale wezi.

Mpaka wa ulinzi huu

Hatungependa mtu alale akidhani amemaliza. Mwelekezi ajua jina la nyumba, hajui vyumba vyake. Akiruhusu jina la programu ya video, ameruhusu mazuri na mabaya yaliyomo. Yanayotumwa ndani ya WhatsApp hayaoni. Mtoto akitia programu ya VPN, maswali yake hupita njia nyingine. Na kumbadilisha mwelekezi hakuifuti siri, huihamisha. Jana kampuni yako ya mtandao iliyajua majina. Leo ayajua mwelekezi uliyemchagua, na kampuni ile bado yaona namba unazoziendea. Kwa hivyo chagua kama unavyomchagua mtu wa kumwachia ufunguo.

Yule mama alitaka tumwekee mwanawe mpangilio huu kimya kimya, kijana asijue. Ana umri wa miaka kumi na minne. Tulisita. Mzazi ni mchunga, na atakuja kuulizwa juu ya alichokichunga; hilo halina shaka. Lakini dini yetu pia imetukataza kupelelezana, na kijana wa umri ule akigundua amefungiwa mlango kwa siri, hujifunza jambo moja tu: kufungua kwa siri. Tukamwambia, “Mwambie kwanza, kisha muweke pamoja.” Hakufurahi, lakini alifanya.

Wiki ya tatu akarudi. Alikuwa ameifungua Mipangilio akaona jina limeondolewa. Alikuja na hasira, na hasira nyingine ilikuwa juu yetu, na alikuwa na haki nayo. Tukamuuliza, “Umemuuliza kwa nini?” Hakuwa amemuuliza. Jioni ile alimuuliza. Kijana akamwonyesha ukurasa wa somo la bayolojia, kuhusu mwili wa mwanadamu, uliokuwa umekataliwa pamoja na machafu, ilhali kesho yake alikuwa na mtihani. Akaliondoa jina apate kusoma. Na mbele ya mamake alikiri pia kwamba baada ya kusoma hakulirudisha, na kwamba si yote aliyoyaangalia baadaye yalikuwa ya bayolojia.

Mama alituambia kwamba hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote aliyowahi kuzungumza na mwanawe tangu babake asafiri. Walilirudisha jina wote wawili. Wakakubaliana kwamba ukurasa wa masomo ukikataliwa, atakuja kusema, na watausoma kwenye simu ya mama. Hatujui kama ahadi hiyo itadumu. Mama naye hajui. Lakini sasa ajua simu ya mwanawe yamuuliza nani, na kijana ajua ya kwamba mamake ajua.

Basi wiki hii, baada ya Isha au wakati wowote mlio pamoja, fungueni Mipangilio ya simu moja mbele ya watoto, mtazame imeandikwa nini. Ikiwa ni kiotomatiki, jueni kwamba mwamuzi ni mwenye mtandao. Ikiwa kuna jina, ulizaneni nani aliliandika. Na ikiwa kompyuta yenu yasema ina mtandao lakini haifungui ukurasa wowote, kabla ya kutoa fedha kununua nyingine, atazamwe kwanza mwelekezi wake.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie majumba yetu na watoto wetu, na atujaalie tuwe waaminifu kwa amana zetu.

Wabillahi tawfiq.